Omollo Trela ya Saba

Habari ilifika Kaloleni Jumanne saa nne asubuhi. Ililetwa na Wesonga wa bodaboda, na Wesonga hata hakuzima pikipiki. Aliweka tu mguu mmoja chini mbele ya karai la Subira akasema, "Mama Naeema, mzee ako wapi? Mwambie Omollo Trela ya saba imetoka. Alafu mwambie ametudanganya miaka nane."

Subira aligeuza bhajia zake pole pole. "Amewadanganya nini?"

"Ule mzee wa funguo si babake Omollo."

"Nani amesema?"

"Simu yangu imesema. Nimeiangalia usiku, yote, na maandishi ya chini. Ule mzee ndiye alichoma nyumba yao. Alafu mwisho Omollo anampiga kwa daraja mpaka anakufa."

Abiria wa Wesonga, mama mmoja mnene aliyepakata kuku, alikuwa amechelewa kliniki na tangu Kondele alikuwa akimsukuma mgongo kijana aongeze mafuta. Sasa aliinua kichwa. "Anampiga babake?"

"Si babake, mama. Hiyo ndiyo nasema."

"Kwa hivyo mimi nililia bure kwa ile ya tatu?"

"Ulilia bure."

Mama akamkumbatia kuku, na hakumsukuma Wesonga tena. Ndani ya Nyota ya Ziwa, nyuma ya pazia zito jeusi, Yahya alikuwa akifuta benchi na kitambaa. Alisikia kila neno. Kitambaa kikabaki pale pale.

Nyota ya Ziwa ni banda la mabati lililokuwa stoo ya mahindi zamani. Lina benchi kumi na nne, projekta moja, ukuta mmoja uliopakwa chokaa nyeupe pe, na Yahya na maiki yake. Watu hawalipi mbao, shilingi ishirini, kuangalia picha tu. Wanalipa kumsikia Yahya akiieleza, maana picha zenyewe huja na Kichina, Kihindi, na lugha zingine ambazo hata jina hazijulikani. Yahya husimama kando ya ukuta, maiki mdomoni, na kila mtu pale juu anaongea kwa sauti yake: stelingi, adui, msichana, polisi, hata mbwa.

Omollo Trela ilikuja miaka nane iliyopita, kwenye diski isiyokuwa na maandishi yoyote. Ilikuwa ya dereva wa lori kubwa mwenye kovu la shavu, kutoka Thailand au karibu na huko. Yahya hakuelewa neno. Kwa hivyo alimpa yule stelingi jina, akamfanya mtoto wa Muhoroni anayebeba miwa, na watu wakamkubali papo hapo. Alafu mwisho wa picha, nyumba ya Omollo ikishaungua, mzee mmoja wa kofia iliyochanika anatokea kando ya barabara. Anamwekea Omollo funguo za lori mkononi. Analia. Anaondoka bila kusema kitu.

Yahya aliangalia yale machozi, akaona ni lazima awe ni baba. Akasema kwa maiki, "Huyu ni babake. Anaona aibu kumwambia. Lakini siku moja atafungua mdomo atamwita, wuoda. Mwanangu."

Benchi ya pili mtu alianza kulia kwa sauti. Ikaisha hivyo. Katika ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, yule mzee alitokea kila mwisho, anaangalia kutoka mbali, hasemi lile neno, anaenda. Na Kaloleni yote ikangoja aseme.

*

Sasa shida ya hii ya saba ni kwamba haikupitia sinema yoyote. Zamani Yahya alikuwa anaipata mapema kutoka kwa mtu wa Nairobi, anaiangalia mara tatu, na mtaa mzima unamngojea yeye. Safari hii ilishuka moja kwa moja kwa simu za watu, dunia nzima kwa wakati mmoja. Asubuhi yake Ephantus, mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshaanza kuiwekea watu kwa memori kadi, shilingi thelathini, na maandishi ya chini ya bure.

Jioni familia ilikaa sebuleni, laptopu ya Naeema juu ya stuli. Naeema yuko chuo, mwaka wa pili, na app ya kuangalia picha alikuwa ameilipia mwenyewe. Alikuwa akisoma yale maandishi ya Kiingereza na kuyageuza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsomea mgonjwa karatasi ya daktari.

"Hapa Omollo anauliza, wewe ni nani."

"Eeh," Yahya akasema.

"Mzee anasema, mimi ndiye nilichoma nyumba yenu. Nililipwa."

"Soma tena."

"Baba, nimesoma."

"Pengine wameandika vibaya."

"Baba."

Kwenye laptopu, Omollo alimshika mzee shati, wakaanza kupigana juu ya daraja, mvua ikinyesha. Yahya aliangalia kidogo, akainama, akaifunga laptopu na mkono wake mwenyewe. Hakuifunga kwa hasira. Aliifunga kama mtu anayefunga mlango ndani kuna mtoto amelala.

Subira alikuwa akichambua mchele. "Funguo alimpa za nini sasa, kama alimchomea nyumba?"

"Roho ilikuwa inamsumbua," Naeema akasema. "Wameeleza kwa ya pili, leo nimeirudia na maandishi."

"Kwa ya pili mimi nilisema nini?" Yahya akauliza.

Naeema alikumbuka vizuri, na alikunja midomo asicheke. "Ulisema anamuuliza kama amekula."

Subira ndiye alicheka kwanza, na mchele ukamwagika. Naeema akafuata. Yahya alijaribu kukaza uso lakini mabega yalimsaliti, na dakika mbili nzima wote watatu hawakuweza kuongea. Alafu Yahya akajifuta macho, akasema, "Jumamosi sionyeshi," na kicheko kikakatika.

"Usipoonyesha, mwenye banda atasema si nilikwambia," Subira akasema. Mwenye banda alikuwa na mtu wa kuweka meza za pool, na alikuwa amewapa mpaka hii ya saba waonyeshe kama watu bado wanakuja. "Na ubao umeandika wewe mwenyewe."

Ubao uko nje, karibu na karai. Yahya aliuandika kwa chaki wiki mbili kabla, herufi kubwa: JUMAMOSI SAA TISA. OMOLLO TRELA 7. MZEE ATASEMA.

*

Jumatano Yahya aliingia hotelini kunywa chai, na meza ya vijana ikamgeukia. Kisha Wesonga akavua helmeti, akageuza uso kushoto, akaugeuza kulia.

"Mzee Yahya, hebu niangalie vizuri. Baba yangu ni nani?"

Hoteli ikaanguka kwa kicheko. Kijana mwingine akasimama. "Na mimi mzee. Mama amekataa kuniambia."

"Wewe babako anajulikana," Yahya akasema. "Ni yule alikufunza kuangalia picha bila kulipa."

Walimpigia meza makofi kwa hiyo, na aliondoka na heshima kidogo, lakini chai aliiacha nusu. Alhamisi alikuta mtu ameongeza neno moja chini ya ubao wake: UONGO. Alilifuta na kiganja. Ijumaa asubuhi lilikuwa limerudi, na safari hii mtu alikuwa amepiga mstari chini yake. Subira akamwambia aliache, kwani kiganja cha Yahya kitaisha kabla ya chaki ya huyo mtu.

Hiyo Ijumaa ndiyo Seline alikuja.

Seline anauza omena sokoni, na tangu Omollo Trela ya kwanza benchi ya pili upande wa ukuta ni yake. Ukimkuta mtu mwingine pale, huyo ni mgeni, na ataambiwa. Alifika mlangoni na beseni kichwani, akaliteremsha, akakaa juu ya kiti cha plastiki bila kungoja kukaribishwa.

"Baba Naeema. Nimesikia maneno."

"Seline, mimi..."

"Ngoja. Mimi simu yangu ni ya batani, sijaona kitu. Nimesikia tu. Nataka kukwambia kitu alafu niende, omena inapigwa na jua." Akalainisha leso yake kwa magoti. "Mimi nimelelewa na dani, nyanya yangu, huko Pap Onditi. Baba yangu nilimwona mara moja, siku ya soko. Watu wakaniambia, ule pale ni babako. Akaninunulia soda. Akaniangalia nikikunywa mpaka nikamaliza, akarudisha chupa, akaenda. Hakusema kitu."

Subira alizima jiko ili mafuta yaache kulia.

"Sasa ile siku ya kwanza ukasema, huyu ni babake, anaona aibu. Mimi nikajua. Ile siku ya soda ilikuwa aibu. Si kwamba hakunitaka." Akainuka, akapandisha beseni. "Kesho nakuja. Usiniambie sahii. Utaniambia kesho, kwa maiki."

Alipoenda, Yahya alikaa kwa kile kiti cha plastiki. Akasema, "Nitamwambiaje Seline kwamba Omollo anampiga babake mpaka kufa?"

"Sijui," Subira akasema, akawasha jiko. "Lakini sasa lazima uonyeshe."

*

Saa kumi hivi, siku hiyo hiyo, Ephantus alivuka barabara, na Ephantus havuki barabara bure. Alikuwa amebeba memori kadi mkononi, kama njugu.

"Yahya. Wewe unaniharibia biashara."

"Mimi tena?"

"Hizi ni kumi na moja. Kumi na moja zimerudishwa tangu jana. Wanasema nimewauzia feki."

"Feki namna gani?"

"Wanasema maandishi ni ya uongo. Kuna mama amekuja na kuku, ananiambia, hii simu haijui kitu, huyo mzee ni babake, Yahya alisema. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo original. Akaniambia, original ni ya Yahya." Ephantus alikaa kwa kiti cha plastiki, ambacho hiyo siku hakikupumzika. "Mimi naeza kushindana na banda lako. Siezi kushindana na babake Omollo. Kwani uliwalisha nini?"

Naeema alikuwa amesimama mlangoni, na alianza kutabasamu mpaka masikioni.

"Kwa hivyo watakuja kesho?" akauliza.

"Watakuja? Mimi mwenyewe nakuja. Nataka nione utatoka aje hapo kwa daraja." Akachukua bhajia mbili, akalipa moja, akaenda.

*

Jumamosi saa nane unusu benchi zote kumi na nne zilikuwa zimejaa, na watu walikaa pia juu ya kreti za soda na juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama wa kuku alikuja bila kuku. Wesonga na vijana wa steji ya bodaboda waliingia kwa kelele na wakapewa nafasi ya nyuma kabisa, adhabu ya Subira mlangoni. Naeema alikaa na laptopu karibu na projekta. Mwenye banda naye alichungulia, akahesabu vichwa, akaacha kuhesabu.

Yahya alivaa kanzu, kitu ambacho hakijawahi kutokea siku ya picha. Alianza vizuri. Lori lilipotokea alilitengenezea mlio na koo lake, watu wakapiga kelele. Omollo alipopita barabara yenye mashamba, Yahya akasema hiyo ni Chemelil, na mtu mmoja akasema kweli, ile kona anaijua. Adui alipoingia, banda zima lilimwambia Omollo kwamba huyo yuko nyuma ya mlango, na Omollo kama kawaida hakusikia. Saa nzima ilienda hivyo, jasho na kicheko. Lakini Yahya alikuwa akitupia laptopu ya Naeema jicho, aone dakika zilizobaki, kwa sababu daraja lilikuwa linakuja.

Likafika. Mvua. Mzee wa kofia amesimama katikati, Omollo anashuka kwa lori. Kwa ukuta mdomo wa mzee ulikuwa unasonga, ukisema yale ambayo ulikuwa unasema.

Yahya aliteremsha maiki.

Picha ikaendelea peke yake, na kile Kithai chake, na hakuna aliyeelewa. Watu wakageuka kumwangalia. Yahya akaweka maiki mdomoni tena, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kwake mwenyewe, ile ya nyumbani.

"Jamani. Hapa mimi sijui. Hata ya kwanza sikujua. Hii lugha sijui neno hata moja. Nilimwona analia, nikakisia."

Alafu kutoka nyuma kabisa, Wesonga akasema, "Mzee, si tunajua."

"Mnajua?"

"Kwani nani hapa Kaloleni anajua Kithai? Wewe hata Kinandi hujui." Vicheko hapa na pale. "Tunajua unakisia. Kisia basi, wanapigana tayari."

"Ni wewe uliandika uongo kwa ubao wangu."

"Niliandika. Na nimelipa mbao. Endelea."

Ilikuwa kweli, walikuwa wanapigana tayari. Omollo alikuwa amemshika mzee shati. Mama asiye na kuku akaita, "Sema hamjui. Omollo bado hajui huyu mzee ni nani."

"Aah, na huyo mzee anajua?" mtu akauliza.

"Huyo anajua," Seline akasema kutoka benchi ya pili. Hakupandisha sauti. "Anajua, ndiyo maana harudishi ngumi. Angalia mikono yake."

Na wote wakaangalia. Yahya pia aliangalia, na Ephantus, aliyekuwa ameiona mara nne. Ilikuwa kweli. Mikono ya mzee ilikuwa chini muda wote. Hakuna maandishi ya chini yaliyokuwa yamesema hivyo.

Yahya akashika maiki na mikono miwili. "Harudishi," akasema, na ile sauti nzito ya mzee ilikuwa imerudi. "Nipige, Omollo. Nilikuacha kwa barabara. Hii ni haki yako. Piga, lakini usinilazimishe kuinua mkono."

Mzee akaanguka. Omollo akasimama juu yake, akatoa zile funguo za lori lake la kwanza, za miaka nane, akaziweka juu ya kifua cha mzee. Akapanda lori. Akaenda. Ukuta ukawa mweusi, na majina yakaanza kupanda.

Mzee hakuwa amesema lile neno.

Sasa kwa simu, majina yakianza, app inakurukisha kwa picha nyingine kabla hujashika pumzi. Ephantus naye huyakata ili yasijaze kadi. Lakini Nyota ya Ziwa hakuna anayeinuka kwa majina, kwa sababu hapo ndipo Yahya hutoa salamu. Yale majina ya Kithai yanapanda, na Yahya anasoma majina ya watu walio ndani, kama wao ndio walitengeneza picha. Hata mgeni husomwa. Naeema alikuwa amebonyeza mapema ili app isiruke.

"Dereva wa pikipiki hatari," Yahya akasoma, sauti bado nzito, "Wesonga." Makofi, ya chini chini. "Mkuu wa kuku zote, mama wa Kondele. Mapambo na bhajia, Subira. Umeme na mitambo, Naeema binti Yahya. Muuzaji wa feki, Ephantus." Hapo walicheka, na Ephantus akainua kofia. "Benchi ya pili, upande wa ukuta..."

Majina yakakatika. Ukuta ukawaka tena.

Naeema aliangalia laptopu kama imemuuma. Yahya akageuka. Daraja lilikuwa pale pale, mvua imeisha, mzee bado amelala na funguo juu ya kifua. Wesonga alisimama juu ya ndoo. "Hii sikuiona," akasema. "Wallahi hii sikuiona." Wesonga ni wa kanisa, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa hiyo.

Kidole kimoja cha mzee kikasonga. Kikasonga kingine. Mkono ukafunga juu ya zile funguo. Macho yakafunguka, yakaangalia njia lori lilikopita, na mdomo wake ukaanza kufunguka, pole pole, bila sauti yoyote, na Yahya akajua ana sekunde mbili tu.

"Wuoda," akasema.

Ukuta ukawa mweupe. Hiyo ilikuwa yote. Mabati yakaanza kulia kwa kelele za watu, Wesonga akaanguka kutoka kwa ndoo, Subira akafungua pazia kuona nani ameumia, na jua la saa kumi na moja likaingia mpaka benchi ya pili.

Seline hakuwa amepiga kelele. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya leso, kama mtu anayengoja chupa irudishwe.

"Rudia," akasema. "Watu wa nyuma hawakusikia."

Watu wa nyuma walikuwa wamesikia vizuri sana. Wakakaa chini wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyemsahihisha. Yahya akainua maiki, na akarudia.